Ni fish au fishes? Maswali yenu ya umoja na wingi kwenye Kiingereza

Toleo lililopita niliomba mnitumie maswali ya nomino za Kiingereza, yamekuja mengi mno hasa toka Mwanza na huko visiwani, kwaiyo leo ukurasa wote ni wa watu wa ziwani. Nimesoma yote na naona wengi mnakwama sehemu moja, mnaanza kwa kuuliza S inakaa wapi, wakati swali la kwanza kabisa ni je, Kiingereza kinakihesabu hiki kitu au hakikihesabu? Maana Kiswahili kina namna yake ya kuhesabu vitu na Kiingereza kina yake, na hazilingani. Twende na barua.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama nauza samaki Mwaloni Kirumba. Kuna mteja wa nje nawasiliana nae wasapu kwa Kiingereza cha kuungaunga. Juzi nilimuandikia hivi: "I have 300 kgs of Nile perchs and 50 fishes of tilapias. All fishes is fresh. Also I have many dagaas dry 20 sack." Mzigo aliuchukua, ila mwanangu wa form three kaisoma ile meseji kasema mama hapo hamna sentensi. Nirekebishie, na uniambie samaki wengi ni fish au fishes.

Marahaba mama. Mteja alikuelewa na mzigo akauchukua, kwaiyo msingi unao tayari, tunasafisha tu.

Samaki kwa Kiingereza yuko kama samaki wa kwetu, hana umbo la wingi. Sisi tunasema samaki huyu, samaki hawa, neno lenyewe halijaguswa, wingi umeonekana kwenye huyu na hawa. Wao nao "this fish, these fish, one fish, fifty fish". Sangara ni "Nile perch", awe mmoja au wajaze boti zima. Sato ni "tilapia", na kwenye biashara nae wanamuacha hivohivo bila S.

Fishes ipo na ni neno sahihi kabisa, ila kazi yake nyingine. Inatumika mtu akiongelea aina mbalimbali za samaki, sio idadi ya vichwa. Ziwa letu lilikua na furu wa aina mamia kabla ya sangara kupandikizwa kuanzia miaka ya 1950, sasa mtafiti akiandika kuhusu hao furu na kambare na wengine wote kwa pamoja ataandika "the fishes of Lake Victoria". We unaeuza, shika "fish".

Alafu umeandika "all fishes is fresh". Ukiwa unawaona samaki mmoja mmoja pale kwenye meza, ni wengi, sema "all the fish are fresh". Ukiwa unaongelea samaki kama chakula, kitoweo kilichopo sahani, hapo hahesabiki tena, "the fish is delicious". Zote mbili ziko sawa, inategemea unamuona samaki vipi wakati unaongea.

Hiyo "kgs" itoe S. Kifupisho cha kilo ni kg tu, iwe moja iwe mia tatu, ila ukiandika neno zima unaweka "300 kilos". Gunia nalo linahesabika kwaiyo "20 sacks". Dagaa wasikusumbue, wa ziwani hawana jina la Kiingereza linalojulikana na kila mtu, mnunuzi wa Kenya anawaita omena na wa Uganda anawaita mukene, we andika "dagaa" hivohivo bila S, na kama mteja ni mgeni kabisa mwambie "small silver fish". Meseji yako sasa inakua hivi:

"Hello sir. I have 300 kilos of Nile perch and 50 tilapia. All the fish are fresh. I also have 20 sacks of dried dagaa."

Ona ilivyo fupi. Na siku ukiuza mabondo (kile kifuko cha hewa cha ndani ya samaki) andika "fish maw", inaenda kwa kilo, "five kilos of fish maw". Mwanao mwambie mwalimu kasema akusaidie kutuma meseji inayofuata.

Habari mwalimu, nafanya kazi mapokezi kwenye lodge moja huku Capri Point. Meneja amenifokea mbele ya mgeni kisa nimesema "your luggages are in the room". Kwani mizigo si mingi? Mabegi yalikua manne kabisa nimeyabeba mwenyewe.

Pole sana mdogo wangu, na kufokewa mbele ya mgeni sio sawa, angekuita pembeni. Tuje kwenye neno.

Mabegi yalikua manne, kweli. Lakini "luggage" sio begi. Ni mizigo kwa ujumla wake, na Kiingereza hakilihesabu hilo neno kabisa, yaani huwezi kusema one luggage, two luggages. Halina S na kitenzi chake ni cha umoja hata kama umebeba mabegi arobaini: "Your luggage is in the room." Ukitaka kuhesabu, badilisha neno, "Your four bags are in the room". Na kuuliza pia kuna tofauti, "How much luggage do you have?" lakini "How many bags do you have?"

Tatizo letu ni kwamba tunatazama Kiswahili kwanza. Mizigo ina mi- ya wingi, vifaa vina vi-, mashauri yana ma-, habari tunasema nyingi, basi akili inatafuta S ya kubandika na tunapata luggages, equipments, advices, informations. Ukipita barabarani utakuta kibao cha fundi seremala kimeandikwa Furnitures kwa rangi nzuri kabisa, na yule fundi meza zake ni za uhakika, ila neno lenyewe ni "furniture", kitanda kimoja na makabati kumi yote ni "furniture". Na sio Mwanza tu, Nairobi na Kampala utazikuta hizohizo, na watu wanaelewana, kwaiyo sisemi ni dhambi. Ila kwenye mtihani unakatwa maksi na kwenye usaili wa kazi ya hoteli mtu anakupima hapohapo.

Kwa kazi yako zingatia hizi. "Information", mwambie mgeni "I have some information about the ferry to Ukerewe", sio an information. "Advice", "let me give you some advice". "News" ina S mwishoni ila ni ya umoja, "the news is good". "Equipment", "rubbish", "homework", "money", zote hivohivo, "the money is on the table", hata kama ni noti mia. "Work" pia, watu wanasema I have many works, sema "I have a lot of work".

Na hiyo "a lot of" iweke karibu maana inakaa kotekote, kwenye kinachohesabika na kisichohesabika, "a lot of bags, a lot of luggage". Ukiwa na wasiwasi kati ya much na many, kimbilia hapo. "Some" nayo vilevile.

Vitu vya kimiminika na vya punje navyo vinatuchanganya sababu Kiswahili kimeviweka kwenye wingi. Maji yamechemka, maziwa yameisha, mafuta yamepanda bei, mahindi yameiva, sisi tunaweka ya- kila mahali, ila Kiingereza ni umoja: "the water is hot", "the milk is finished", "the maize is ready". Nywele nazo, "my hair is long", sio my hairs are long.

Ila sasa sikiliza hapa, maana we uko hotelini utavikuta. Mgeni anaweza kusema "there is a hair in my soup". Hapo kahesabu, na yuko sahihi, maana kaona unywele mmoja ndani ya supu yake na anaongelea ule mmoja (kimbia jikoni haraka). Na mwingine atasema "two coffees and three waters, please". Nae yuko sahihi. Hahesabu kahawa, anahesabu vikombe na chupa, kavifupisha. Neno lilelile linaweza kuhesabika au kutohesabika kutokana na kile mtu anachokiona kichwani, ndio maana nasema msikariri orodha tupu, jiulizeni anaeongea anahesabu nini.

Mwalimu mimi ni mwanafunzi form two, nakaa Nyakato. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili alafu form one ghafla kila somo Kiingereza. Nashindwa wingi. Kwa nini knife ni knives ila roof ni roofs, kwa nini potato inawekwa -es ila photo haiwekwi, na kwa nini child sio childs? Kuna kanuni au wanajiamulia?

Swali zuri sana hili, na hali uliyoelezea naijua, wanafunzi wengi mno wanaipitia na wanadhani hawana akili kumbe ni lugha ya kufundishia ndio imebadilika. Usijidharau.

Kanuni zipo. Nyingi zinatokana na mdomo. Jaribu kutamka box alafu S moja kwa moja, haitoki, inabidi uweke irabu katikati, ndio maana wanaandika "boxes". Maneno yote yanayoishia na sauti za s, sh, ch, x, z yako hivo: "buses, dishes, churches, watches". Yanayoishia na y, angalia herufi iliyo kabla yake, ikiwa konsonanti y inageuka, "city, cities", "baby, babies", ikiwa irabu inabaki, "boy, boys", "monkey, monkeys".

Na hiyo S haitamkwi namna moja. Nenda pale Kamanga kwenye feri uangalie vitu ukivitamka: "boats, nets, ropes, lamps", hapo ni s safi kama ya Kiswahili. "Engines, paddles, bags, canoes", hapo inatoka z. Na "boxes, buses" inatoka iz. Ukizingatia hilo hata kusikiliza kwako kutabadilika, maana watu wengi hawaisikii ile z wakadhani mzungumzaji kasema umoja.

Kwenye o, maneno kama "potato, tomato, hero" yanachukua -es. Maneno yaliyofupishwa kama "photo" (limekatwa toka photograph) na "kilo" yanachukua S tu, na yenye irabu kabla ya o vilevile, "radios, videos". Embe lina ruhusa mbili, "mangoes" au "mangos", usigombane na mtu.

Kwenye f, zamani sana f ikikaa katikati ya irabu mbili Waingereza walikua wanaitamka v, hayo matamshi yakabaki kwenye wingi: "knife, knives", "wife, wives", "leaf, leaves", "thief, thieves", "loaf, loaves". Maneno mengine hayakufuata, "chief" lilitoka Kifaransa likabaki "chiefs", na "roof" siku hizi inaandikwa "roofs". Hapa ni kukariri, sitakudanganya.

"Children" sasa. Zamani Kiingereza kilikua na njia nyingi za kuweka wingi, S ilikua mojawapo tu. Kulikua na -en, imebaki kwenye "oxen" na "children". Kulikua na ya kubadilisha irabu ya ndani, "foot, feet", "tooth, teeth", "man, men", "mouse, mice", hii ilitokea kwa sababu wingi ulikua na kiambishi mwishoni chenye sauti ya i, ile i ikaivuta irabu ya kati ikabadilika, alafu kiambishi chenyewe kikapotea. Polepole S ikayameza karibu maneno yote.

Mchapaji wa kwanza wa vitabu kule Uingereza, William Caxton, aliandika mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliokua wanasafiri kwa meli mto Thames, upepo ukakata, wakashuka Kent kutafuta chakula. Mmoja akamuomba mama wa pale mayai, akasema "egges". Mama akamjibu samahani mimi sijui Kifaransa. Yule bwana akakasirika maana na yeye Kifaransa hakijui. Mpaka mwenzake akasema "eyren" ndio mama akaelewa wanataka mayai. Waingereza watupu hao, nchi moja, wingi wa yai umewashinda kuelewana. "Eyren" ilikua na mwisho uleule wa "children", ikafa ikabaki "eggs". "Children" haikufa, labda sababu watoto wanatajwa kila siku kila nyumba, na maneno yanayotajwa sana huwa hayabadiliki kirahisi.

Jambo la mwisho kwako, usiandike childrens wala mens wala womens, hizo ni wingi tayari. Na "women" inatamkwa wimin, irabu ya kwanza inabadilika pia kwenye kutamka.

Mambo mwalimu! Nauza mitumba Mlango Mmoja. Wateja wa Kizungu wakija nasema "this trouser is ten thousand", kuna mmoja kaniambia ni trousers hata kama ni moja. Inawezekanaje?

Poa kaka. Inawezekana maana wao wanahesabu miguu. Vitu vyenye pande mbili zilizoungana Kiingereza kinaviweka kwenye wingi daima: "trousers, jeans, shorts, scissors, glasses". Suruali moja, mkasi mmoja, miwani moja, vyote kitenzi ni cha wingi, "these trousers are ten thousand". Ukitaka kuhesabu weka "pair": "one pair of trousers, three pairs of jeans".

"Trouser" bila S utaikuta ikisimama mbele ya nomino nyingine, "trouser pocket" ni mfuko wa suruali. Na hapa nakuongezea kitu ambacho kinawahusu hasa madalali wa nyumba wa Buswelu na Nyegezi wanaoandika matangazo, maana naliona kosa hili kila siku. Nomino ikikaa mbele ya nyenzake kuielezea, kwa kawaida inakua umoja, hata kama kuna namba. "Shoe shop", sio shoes shop, japo viatu ni vingi. "A ten-litre bucket". "A three-bedroom house for rent", sio three bedrooms house. Ukitaka S yako ibaki, geuza, "a house with three bedrooms".

Na nguo! Usiseme one clothe, hilo neno la nguo moja halipo. "Cloth" ni kitambaa, "clothes" ni nguo na ni wingi siku zote. Nguo moja itaje jina lake, "one shirt, one dress, one skirt", mteja ataelewa na bei atakupa.

Mwalimu, mimi ni mzee wa Kwimba. Mjukuu wangu ameandika insha "my grandfather has forty cattles" mwalimu wao akaweka kosa. Ng'ombe ni arobaini kweli na mimi ndio mwenye nao. Kosa liko wapi?

Mwangaluka mzee wangu, na shikamoo. Ng'ombe hakuna anaewabishia. Kosa ni ile S ya mwisho, sababu "cattle" ni kundi tayari, halina umoja wala halipokei S: "My grandfather has forty cattle." Wafugaji wenyewe wanapenda kusema "forty head of cattle", na hiyo "head" pia inabaki bila S. Kitenzi kiwe cha wingi, "the cattle are drinking".

Ng'ombe mmoja mmoja ana jina lake, na kwa Msukuma hili halihitaji maelezo maana kwetu pia hatumuiti kila ng'ombe jina moja. Jike aliyezaa "cow, cows", dume "bull, bulls", mtamba "heifer, heifers", ndama "calf, calves" (ile f na v niliyomuelezea kijana wa Nyakato hapo juu), na maksai wa kulimia "ox, oxen". Mbuzi ni "goat, goats" hawana shida. Kondoo ni "sheep", mmoja "sheep", mia "sheep", sheeps hakuna. Mjukuu akiandika tena insha aandike "My grandfather ploughs with four oxen", mwalimu wao atafurahi sana.

Shikamoo mwalimu. Niko Nansio, Ukerewe. Mtoto wangu yuko darasa la tano, vitabu vya Kiingereza nyumbani hatuna na mimi Kiingereza sikukisoma sana. Namsaidiaje?

Marahaba dada. Barua yako imenigusa sana, maana unataka kumsaidia kwa ulichonacho, na jikoni kwako kuna somo zima.

Mkiwa mnapika, mpe sentensi mbilimbili, ya umoja na ya wingi, kitu akiwa amekishika. "This is a knife. These are knives." "This is a plate. These are plates." Sio neno peke yake, sentensi nzima, maana mtoto akikariri knife, knives bila sentensi akifika kwenye insha hajui aanzie wapi. Hakikisha "this" inatoka fupi na "these" inavutwa kidogo.

Alafu hiyo "a" asiisahau kabisa. Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwaiyo watoto wetu wanaandika "I have cup", "My father has boat". Kinachohesabika kikiwa kimoja lazima kiwe na kitu mbele, "a cup, the cup, my cup". Kikianza na sauti ya irabu kinachukua "an", "an egg, an onion". Kikiwa wingi "a" inaondoka, "I have cups". Mwalimu wake akiona hapo tu pamekaa sawa ataona tofauti kubwa.

Vya kuangalia kwa makini ni kuni na mkaa na unga. Kuni kwetu ni nyingi ila "firewood" haihesabiki, "the firewood is wet", ukitaka kuhesabu hesabu mizigo yake, "two bundles of firewood". "A bag of charcoal", "a tin of flour". Nyanya zinahesabika, "five tomatoes", na fungu lake ni "a pile of tomatoes". Ndizi nazo, mkungu ni "a bunch of bananas" na chane ni "a hand of bananas", ndio, mkono, wanasema hivyo kweli. Kuku akiwa anatembea uani anahesabika, "three chickens", akishaingia kwenye sufuria ni "chicken" bila S, "we are eating chicken". Michembe haina jina lake, mwambie aseme "dried sweet potatoes".

Kila siku vitu vichache tu, visizidi, na we mwenyewe sema nae, mtajifunza wote wawili.

Mwalimu nina boti ya abiria. Nimeandika tangazo "All passenger must wear life jacket" na jingine "Every passengers must wear life jackets". Lipi sahihi nilipake rangi?

Kaka usipake bado, yote mawili yana kasoro. "All" inataka wingi, "every" inataka umoja. Chagua moja kati ya hizi:

"All passengers must wear life jackets."

"Every passenger must wear a life jacket."

Mimi ningechukua ya pili, maana inamgusa mtu mmoja mmoja na jaketi lake. Na juu ya hayo maandishi weka ya Kiswahili kwa herufi kubwa zaidi, "Kila abiria lazima avae jaketi la kuokolea", sababu abiria wengi wa boti yako ni wa hapahapa na ndio wanaotakiwa kulisoma kabla hujang'oa nanga.